Kimya cha Chiriku

Chiriku alipopata fahamu hakuuliza yuko wapi. Aliuliza Mrefu yuko wapi, na bahati yake aliuliza kwa lugha ya nyumbani, ambayo nesi wa meli hakuijua hata neno moja. Nesi akadhani mgonjwa anataka maji. Akampa maji.

Alikuwa amelazwa kwenye chumba cha wagonjwa, kitanda chenye vyuma pembeni ili mtu asianguke meli inapoyumba, ingawa siku hiyo meli haikuyumba. Ilikuwa imefungwa gatini na injini kubwa imezimwa. Mtu aliyezoea kulala na mtikisiko wa injini chini ya godoro lake huona utulivu kama ule ni habari mbaya. Kichwa kilimgonga. Akajaribu kuinua kikombe kwa mkono wa kulia, mkono ukatetemeka, maji yakammwagikia kifuani. Alitaka kuomba taulo, mdomo ukasema dirisha. Nesi akalitazama dirisha, akamtazama yeye, akamfuta kifua taratibu.

Ile meli ilikuwa chuo. Wanafunzi walitoka nchi mbalimbali kuja kusomea uhandisi wa meli ugenini, na huo ugenini wenyewe haukuwa na mji wala mtaa. Ulikuwa chuma, maji na kengele. Kengele iliwaamsha, kengele ikawapeleka darasani kwenye meza zilizopigiwa skrubu sakafuni, kengele ikawaita kula supu iliyokuwa ikitafuta njia ya kutoka kwenye bakuli. Asubuhi masomo, mchana kazi: kukwangua kutu, kupaka rangi, kulifuata bomba tangu linapoanzia mpaka linapoishia na kulichora kwa mkono hadi mhandisi mkuu aridhike, na mhandisi mkuu hakuumbwa kuridhika. Nguo walifua wenyewe na kuzianika karibu na injini, zikakauka upesi na kunuka dizeli. Meli ikikaribia nchi kavu na simu zikashika mtandao, wote walikimbilia upande mmoja, kila mtu akalia na mama yake kwa lugha yake.

Waliotoka nchi moja walikuwa wawili tu: Chiriku, na kijana ambaye wiki ya kwanza alijigonga kichwa kwenye kila mlango wa meli ile. Msichana akamwita Mrefu. Kijana naye akalipiza, akamwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua mapumziko. Wakacheka, na kucheka kukazaa mengine. Sina haja ya kueleza yalivyozaliwa. Ukiwa mbali na kwenu, na mtu mmoja tu ndiye anayeielewa pole yako kama ulivyoikusudia, moyo hauna ujanja.

Shida ilikuwa sheria. Siku ya kwanza kabisa nahodha aliwakusanya akawaambia kwamba kwenye meli yake hakuna wapenzi, na wakipatikana, wote wawili wanafungasha. Hakupaza sauti. Alisema mtu wa baharini akianza kumwangalia mmoja huacha kuwaangalia wengine, na kwamba yeye mwenyewe, enzi za ujana wake, aliwahi kusaidia kubeba maiti iliyotokana na jambo hilo. Wanafunzi wakaitikia kwa pamoja. Chiriku na Mrefu waliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwa hiyo walipendana kwa wizi. Na mahali pao pa kupendania, uamini usiamini, palikuwa mdomo wa tangi.

Chini kabisa ya meli kuna matangi makubwa yanayojazwa maji ya bahari ili meli ikae sawa inapokuwa haina mzigo. Yakishakaushwa, mtu huingia kukwangua tope na kutu. Mlango wa kila tangi ni shimo linalopitisha mabega, basi. Mmoja anaingia, mwenzake anabaki mdomoni kama mlinzi. Mlinzi hugonga chuma kwa spana, aliye ndani hujibu kwa kugonga. Asipojibu, mlinzi anabonyeza king'ora papo hapo na kubaki pale pale alipo. Haingii, hata aliye ndani awe nani, kwa sababu kutu hula hewa, na hewa iliyomwangusha wa kwanza itamwangusha na wa pili.

Sheria hiyo wao waliigeuza mchezo. Mrefu akigonga, Chiriku ananyamaza makusudi. Anakaa gizani na taa yake ya kofia, amejiziba mdomo asicheke, mpaka Mrefu ainame, aingize kichwa shimoni na kumbembeleza. Bila neno tamu hajibu. Chuma hubeba sauti vizuri, na hata kama mtu angepita juu na kusikia, asingeelewa kitu. Yote waliyoshindwa kuambiana mezani, mbele ya macho ya watu, yaliingia tangini.

Siku ya ajali Chiriku hakuwa na nia ya kucheza. Alikumbuka hewa kupimwa mdomoni na kipimo kuonyesha ni salama. Alikumbuka kuona tope nyuma ya ukuta wenye tundu, kwenye chumba cha pili cha tangi, ambako hakuna aliyepima. Akajipenyeza ili amalize kazi mapema. Miguu ikawa myepesi, kisha hakukumbuka tena.

Mrefu alikuja mchana, nesi alipokwenda kula. Alikuwa amevaa shati la bluu la nyumbani, lile ambalo kifungo chake kimoja Chiriku ndiye aliyekishona, na macho yalikuwa yamevimba. Akasimama mlangoni ameshika fremu.

"Umeamka," akasema.

"Njoo hapa."

"Nikija nitakushika. Nikikushika sitaondoka."

"Uondoke uende wapi?"

Akamweleza kila kitu palepale mlangoni, macho yakiwa sakafuni. Kikao kilikuwa kimeshafanyika. Mhandisi mkuu alimuuliza kwa nini king'ora kilichelewa kiasi kile, naye akajibu kwamba alisinzia. Chuo kimemfukuza. Gari la kumpeleka uwanja wa ndege linakuja kabla jua halijazama. Na mlinzi aliyesinzia mdomoni mwa tangi, alisema, hakuna meli itakayompokea tena, hata ya kubeba mchanga. Aliyasema hayo bila kutetereka, kama anayesimulia mambo ya jirani.

Chiriku akajikokota mpaka akakaa. "Wewe hukusinzia."

"Wao wanajua nimesinzia."

"Mimi ndiye ninayekuuliza. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naongea na wewe."

Kisha yakamtoka yote. Aligonga, hakujibiwa, akatabasamu. Akagonga tena. Akaona leo Chiriku amekaza, anataka neno kubwa. Na neno kubwa alikuwa nalo, amelibeba tangu bandari iliyopita, ila kila akikaa mbele ya uso wake lilikuwa linamkwama kooni. Gizani akapata ujasiri. Akainama, akaingiza kichwa na mabega, akalisema lote mwanzo mpaka mwisho. Akangoja. Kimya. Akadhani anafikiria. Akangoja tena. Akadhani anakataa, na anaona haya kumwambia.

"Nikanuna," Mrefu akasema. "Unanielewa? Nilijitoa shimoni nikakaa nimeligeuzia mgongo. Nikasema sigongi tena, atoke mwenyewe aje aniambie hataki, usoni. Nimekaa pale nimekunja mikono. Baadaye ndiyo nikashtuka kwamba hata kukwangua sikusikii."

"Ulisema nini?"

"Haina maana sasa."

"Nilikuwa nakufa wakati unasema. Niambie."

Mrefu alitazama dari.

"Nilikuwa nakuposa, Chiriku. Nilisema tukimaliza chuo nakwenda kwa baba yako mdogo, anipime, anikatae, anipime tena, mpaka achoke. Nikasema sitakuzuia kwenda baharini, tutapishana bandarini ikibidi. Nikasema tukijenga, milango iwe mirefu. Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nakutania, na wewe umelala kifudifudi kwenye tope."

Chiriku alilia bila sauti. Alimpenda yule mtu wakati ule kuliko siku yoyote waliyowahi kuwa pamoja, na alijua kabisa kwamba amemharibia maisha.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo jibu langu. Nimekubali."

Mrefu akaegemea mlango kama mtu aliyepigwa. "Usinifanyie hivyo. Si leo."

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Chiriku alisema atakwenda kwa nahodha na kumwambia yote. Mchezo ulikuwa wake, yeye ndiye aliyemfundisha mwenzake kuona kimya ni mapenzi, na haiwezekani mtu mmoja abebe kosa la wawili. Mrefu akamwomba apunguze sauti. Akamkumbusha kwamba akisema, wanafukuzwa wote.

"Basi tufukuzwe wote."

"Ili iweje? Ulimlilia baba yako mdogo mwaka mzima akuruhusu kuja. Mimi nimeshakwisha, Chiriku. Chuo hakinirudishi hata useme nini. Ukisema, unajiua wewe tu. Nimekutoa mle ndani halafu nikuangalie ukizama hapa?"

"Hukunitoa wewe. Walinitoa wenye mitungi ya hewa."

Aliijutia kauli hiyo kabla hajaimaliza. Mrefu aliitikia kwa kichwa, taratibu, bila hasira.

"Kweli," akasema. "Mimi nilikuwa nimenuna."

Nyayo za nesi zilisikika kwenye ngazi, Mrefu akaondoka bila kuaga.

Baba mdogo, ambaye chuo kilimwita aje kwa ndege siku zile Chiriku alipokuwa bado hajazinduka, aliingia alasiri, amevaa koti zito alilojishonea mwenyewe baada ya kuambiwa huku kuna baridi. Hakukuwa na baridi. Jasho lilimtiririka na koti hakulivua. Alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemlea Chiriku tangu baba yake mzazi alipofariki, kwa sare za shule na suti za maharusi. Habari ya meli aliipinga tangu mwanzo. Si kwamba hakuamini mtoto wa kike anaweza kufungua injini, kwa maana Chiriku alimfungulia cherehani yake na kuifunga akiwa bado yuko shule ya msingi. Aliogopa watu. Alimwambia waziwazi, siku anaondoka, kwamba akisikia amekwenda kule kutafuta mwanamume badala ya elimu, asirudi kwake. Sasa alisimama kando ya kitanda, akamgusa paji la uso, akamtazama mabega kwa jicho la fundi.

"Umekonda," akasema. "Nguo zako zote itabidi nizipunguze." Akageuka ukutani kufuta macho.

Alipotulia aliuliza ni yupi huyo aliyelala usingizi mwanawe akifa. Alitaka kumwona uso kwa uso, alisema, hata kama hatamfanya kitu.

Hata hilo nahodha alikuwa ameshalipanga. Aliona ni haki kijana aombe radhi kwa familia kabla hajashuka. Chiriku alipodai naye apelekwe, nesi akakataa, akabembelezwa, akakubali, akamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka ofisi ya nahodha, chumba chenye meza moja kubwa isiyo na kitu juu yake. Nahodha alikuwepo, mhandisi mkuu alikuwepo. Mrefu alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma.

Nahodha aliongea kwa upole. Alisema mwanafunzi atatibiwa, akipona atarudi darasani na wenzake, nafasi yake ipo, maana uzembe haukuwa wake. Kwa kuwa baba mdogo hakujua lugha ya meli, ilibidi Mrefu ndiye amtafsirie, na alitafsiri vizuri, neno kwa neno. Kisha akamgeukia mzee na kumwomba radhi kwa lugha ya nyumbani. Alisema alikabidhiwa mwanawe akashindwa kumlinda, na hana la kujitetea. Baba mdogo alimtazama kutoka viatuni mpaka kwenye kola ya shati.

"Nahodha," Chiriku akasema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, kwa lugha ya meli, moja moja, kama mtu anayepanga vifaa kabla ya kazi.

"Hakusinzia. Mimi na yeye ni wapenzi. Nilikuwa na tabia ya kunyamaza ili aniongeleshe, ndiyo maana hakushtuka. Kosa ni langu. Siku zote anapogonga na kijiko..."

Akasita. Si kijiko. Alijua kabisa si kijiko. Alikiona kile kitu mkononi mwa Mrefu, kizito, cheusi kwa mafuta, na jina lake lilikuwa limemponyoka.

"Anapogonga na dirisha," akasema.

Nesi aliinamisha macho. Lakini nahodha hakuwa mjinga, na mambo ya vijana alikuwa ameyaona mengi. Aliegemea mbele, akamtazama Mrefu, akamuuliza swali moja tu: ni kweli?

Chiriku alimtazama mpenzi wake na kumwomba kwa macho. Kama kuna siku alitaka kitu maishani, ni siku ile, na alichotaka ni kuambiwa ndiyo mbele za watu, halafu wafukuzwe, wadharauliwe, warudi nyumbani mikono mitupu, lakini warudi wote. Mrefu naye alimtazama. Alimtazama kwa huruma, ile huruma ya mpita njia kwa mgonjwa asiyemjua.

"Hapana, nahodha," akasema. "Ni mwenzangu wa nchi moja, basi. Tangu azinduke anachanganya mambo. Mchana nilikwenda kumwomba radhi, akaniambia amekubali kuolewa na mimi."

Mhandisi mkuu alitikisa kichwa kwa masikitiko. Nahodha alishusha pumzi na kurudi nyuma kwenye kiti chake. Akamwambia nesi kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa hakupaswa kutolewa kitandani.

"Anasema nini mwanangu?" baba mdogo akauliza.

"Anawashukuru waliomtoa tangini, mzee," Mrefu akamjibu.

Chiriku alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, ya lugha zote mbili, yakasongamana mlangoni na hakuna lililopita. Alichosikia ni baba yake mdogo akisogea, koti zito likisuguana, na mkono wake mgumu wa fundi ukiushika mkono wa Mrefu.

"Umenikosea sana," mzee akasema. "Lakini umesimama mbele yangu ukakiri, hukutafuta wa kumsingizia. Wengi wangekimbia. Laiti ungekuwa makini na kazi, kijana wa aina yako mtu angempa hata binti yake."

"Asante, mzee," Mrefu akasema.

Alipofika mlangoni aligeuka nusu, kama aliyesahau kitu, kisha akatoka. Dirisha la ofisi lilitazama upande wa bahari. Ngazi ya kushukia ilikuwa upande wa pili wa meli, kwa hiyo Chiriku hakumwona akishuka wala hakuliona gari.

Walimrudisha kitandani. Baba mdogo alivuta kiti akakaa karibu, na safari hii alilivua koti, akalikunja na kuliweka magotini. Moyo wake ulikuwa umetulia kidogo. Alisema amempenda yule nahodha, ni mtu mzima mwenye adabu, na ametafakari akaona si vizuri kumkatisha mtoto masomo kwa uzembe wa mtu mwingine. Atabaki, atasoma, atakuwa mhandisi kama alivyotaka. Alitegemea Chiriku afurahi. Chiriku alikuwa anatazama ukuta.

"Baba," akasema. Aliyachagua maneno polepole, akalionja kila moja kabla ya kulitoa, ili safari hii lisiponyoke hata moja. "Yule kijana aliniposa."

Mzee alimtazama nesi. Nesi hakuelewa, akatabasamu tu.

"Alikuposa lini, mwanangu?"

"Nikiwa ndani ya tangi. Nimezimia."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilikubali."

Macho ya baba mdogo yalijaa machozi. Aliinuka, akamvutia shuka mpaka kidevuni, akaichomeka pembeni pande zote mbili kama alivyokuwa akimfanyia utotoni anapokuwa na homa.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Sawa. Sasa lala."